Ini la Mtoto Aliyeachishwa Ziwa

Habari tuliyowachagulia leo ni habari ya ini. Hatusemi ini la ng'ombe linalouzwa sokoni Wete asubuhi, bali ini la mtoto mdogo. Na pamoja nalo twataka kuwaeleza habari za daktari mmoja aliyetumia sehemu kubwa ya umri wake katika Afrika ya Mashariki akitafuta kwa nini ini hilo huharibika mtoto akisha kuachishwa ziwa.

Mtu wa pwani akiambiwa neno la kumuumiza sana husema, "Neno lile limenikata maini." Kwa hiyo wazee wetu walijua tangu zamani kwamba ini ni kiungo cha ndani kabisa, chenye kugusa uhai wenyewe. Lakini ini lina tabia moja isiyo na kheri: huugua kimya. Jino likioza, mtu hulia usiku kucha. Mguu ukichomwa na mwiba, mtu huchechemea, na kila amwonaye humwuliza. Ama ini, laweza kuharibika siku nyingi, mwenye nalo asijue wala jirani asijue, hata alama zitokee mahali pengine: miguuni, usoni, katika nywele. Ndiyo sababu wataalamu walikosea, na sisi pia tulikosea. Na tuanze na kosa letu wenyewe, kwa kuwa si adabu mtu kusimulia makosa ya wenziwe huku ameyafunika yake.

Mwaka mmoja wa mavuno makubwa ya karafuu, nasi tungali wageni katika kazi ya ualimu, tulikuwa tukikaa katika kijiji kimoja kaskazini ya Wete. Jirani yetu alikuwa na mtoto wa kiume, umri wake mwaka na nusu hivi. Mama yake alishika mimba nyingine, akamwachisha ziwa ghafula. Naye kila siku huondoka alfajiri kwenda kuchuma karafuu, mtoto akabaki kwa bibi yake. Bibi alimpenda sana mjukuu wake. Asubuhi alimpa uji wa muhogo, mchana muhogo wa kupikwa, na usiku uji tena. Hapakuwa na siku ambayo mtoto yule alilala na tumbo tupu.

Baada ya miezi michache tukaona mashavu ya mtoto yamejaa na miguu yake imekuwa minene. Siku moja tulipopita mbele ya baraza tukasema, "Mashaallah, Bi mkubwa, mjukuu wako kanenepa." Bibi akacheka, akafurahi. Wasikilizaji wetu, unene ule haukuwa nyama wala mafuta, ulikuwa maji. Mtoto alikuwa amevimba. Siku zile hakuwa akicheza wala akicheka, na nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu kama kutu. Yote hayo tuliyaona kwa macho tusiyatambue kwa akili. Ngozi ya mapaja ilipoanza kubambuka, majirani wakanong'ona kwamba mtoto kabemendwa, yaani wazazi wake wamevunja miiko ya kunyonyesha. Mama akaona haya, akamfungia mtoto ndani. Alipopelekwa spitali wakati ulikuwa umekwisha kupita, wala hakupona.

Siku ya arobaini ilipopita, mama yule alitujia akasema, "Mwalimu, wewe umesoma. Mbona hukuniambia?" Hatukuwa na jawabu. Mazungumzo haya ndiyo jawabu letu, ingawa limechelewa.

Sasa na tumgeukie yule daktari. Jina lake Hugh Trowell, Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1904 na kusomea udaktari katika spitali ya St Thomas's, London. Mwaka 1929 aliingia katika kazi ya serikali ya kikoloni, akaja Kenya pamoja na mkewe Margaret, ambaye baadaye ndiye aliyeanzisha skuli ya sanaa katika chuo cha Makerere. Huko Kenya Trowell aliwaona watoto wa namna ile ile tuliyoieleza: miguu imevimba, nywele zimepauka, ngozi yabambuka, nao wamenuna, hawataki kula wala kuguswa. Akafungua vitabu alivyokuja navyo kutoka Ulaya, asiyaone maradhi hayo. Madaktari walikuwa na dhana nyingi. Wako waliodhani ni minyoo ya safura, na wako waliodhani ni kaswende ambayo mtoto amezaliwa nayo. Kila mmoja alitoa dawa ya dhana yake, na watoto wakaendelea kufa.

Wakati huo huo, upande wa magharibi wa Afrika, daktari mwanamke aitwaye Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alikuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi ambayo sasa huitwa Ghana. Bibi huyu alifanya jambo ambalo wengi hawakulifanya: aliwauliza akina mama. Nao wakamwambia jina la maradhi hayo kwa lugha yao ya Ga. Maana ya jina hilo ni maradhi yanayompata mtoto mkubwa pale mdogo wake anapozaliwa, naye akaondolewa mahali pake. Mwaka 1933 Bibi Williams aliandika habari za maradhi hayo, akasema ameona yanafuata chakula cha mahindi matupu baada ya ziwa. Na mwaka 1935 akalitia lile jina katika gazeti la madaktari liitwalo Lancet. Jina hilo ndilo ambalo Waswahili hulitamka kwashiakoo, na katika vitabu vyetu maradhi hayo huitwa pia unyafuzi.

Hapa twaomba msikilize kwa makini. Waganda nao walikuwa na jina lao, obwosi, na walisema maradhi hayo huja mama akishika mimba nyingine. Nasi tuna neno letu, kubemenda. Ga yuko magharibi, Mganda yuko bara penye ziwa kuu, Mpemba yuko kisiwani. Hawakuonana wala kuandikiana barua, na wote waliona jambo moja, kwamba mtoto huharibika mwenziwe akija. Waliijua saa ya maradhi; sababu yake ndiyo iliyowapotea. Walidhani ni wivu wa aliye tumboni, au ni makosa ya baba na mama, kumbe jambo lenyewe lilikuwa katika sahani: ni chakula gani kilichobaki baada ya ziwa kuondolewa?

Katikati ya miaka ya 1930 Trowell alihamia Uganda, akawa akiganga na kufundisha katika spitali ya Mulago, Kampala. Huko aliwakuta watoto hao kwa wingi zaidi. Lakini hakuyakubali mara moja maneno ya Bibi Williams. Alidhani haya ni maradhi ya pelagra, yanayowapata watu walao mahindi bila kitoweo, nayo pia hubambua ngozi. Mabingwa wa London waliojua sana habari za pelagra walishika kauli hiyo hiyo. Kisha ikajulikana kwamba pelagra huponywa kwa vitamini iitwayo asidi ya nikotini. Dawa ikatolewa kwa watoto wenye kuvimba, wasipone. Hapo ndipo mtaalamu anapotengana na mbishi. Mbishi husema mgonjwa ndiye aliyekosa, mtaalamu husema, "Labda mimi ndiye niliyekosa." Trowell aliiacha kauli aliyoishika miaka mingi, akaanza upya.

Katika miaka ya 1940 alipata mwenziwe Kampala, J. N. P. Davies, daktari ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza viungo vya waliokufa, apate kujua kilichowaua. Davies alipotazama maini ya watoto wale, aliyaona yamevimba, yana rangi ya manjano badala ya wekundu mweusi wa ini lenye afya, na yamejaa mafuta. Akiweka kipande chembamba chini ya hadubini, aliona matone ya mafuta yamezijaza chembe za ini, pengine hata pasibaki nafasi. Tena aliona kongosho, kile kiungo kinachotoa maji ya kuyeyushia chakula tumboni, kimenyauka. Mwaka 1948 alizitoa habari hizo katika Lancet. Mwaka huo huo daktari mwingine, John Waterlow, aliyekuwa amepelekwa katika visiwa vya West Indies ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, alitoa kitabu juu ya watoto wa huko wenye maini ya mafuta. Na huko Johannesburg ndugu wawili, Joseph na Theodore Gillman, walikuwa wamekwisha kutazama vipande vidogo vya maini vilivyotolewa kwa sindano kutoka kwa watoto walio hai.

Likawa fumbo kubwa. Mtoto huyu hakula samli, hakula nyama ya mafuta, hakula nazi ila kidogo. Amekula muhogo au ndizi au mahindi. Basi mafuta hayo yote yametoka wapi, na yamekwama vipi katika ini?

Tutajaribu kulieleza kwa mfano wa nyumbani. Kila msikilizaji wa Pemba ameona ghala ya karafuu. Karafuu huletwa kutoka mashamba yote, zikapimwa, zikatiwa katika magunia, kisha magunia yakachukuliwa hata bandarini yakapakiwa. Sasa fikirini mwaka ambao karafuu zaja kila siku lakini magunia hakuna. Hapana lipakiwalo. Karafuu zitamwagwa sakafuni, zitajaa vyumba, zitaziba milango, hata mpimaji asipate pa kusimama. Mtu wa nje akichungulia atasema, "Ghala hii ina mali nyingi." Kumbe ghala hiyo imeharibikiwa.

Ini la mtoto ni kama ghala ile. Mafuta hufika katika ini, na ini huyatengeneza kuwa mizigo midogo iwezayo kusafiri katika damu. Gunia la mzigo ule hutengenezwa kwa protini, yaani vitu vya kujengea mwili vinavyopatikana katika samaki, maziwa, mayai, nyama, kunde na njugu. Mtoto aliyekosa vitu hivyo hana magunia. Mafuta hubaki ndani, ini likajaa. Na ini hilo hilo ndilo litengenezalo albumini, sehemu ya damu inayosaidia kuyashika maji katika mishipa. Madaktari wa siku zile waliona imepungua sana kwa watoto hawa, wakasema hiyo ndiyo sababu ya maji kutoka na kukaa miguuni na usoni. Unene tuliousifia barazani ulikuwa ni maji ya namna hiyo.

Kutokana na utafiti huo matibabu yakabadilika. Badala ya kupewa vidonge peke yake, watoto walipewa maziwa, hasa maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, kidogo kidogo na mara nyingi, kwa kuwa kongosho yao imedhoofika. Wengi waliokuwa wa kufa wakapona. Mwaka 1952 wataalamu wawili, Brock na Autret, waliotumwa na Umoja wa Mataifa kuzunguka Afrika, walitoa taarifa kwamba maradhi hayo yako katika nchi nyingi za bara hili. Na mwaka 1954 Trowell, Davies na daktari wa tatu, Rex Dean, walitoa kitabu kikubwa juu ya kwashiakoo, wakazikusanya humo habari za nchi nyingi.

Lakini hatutawaficha upande wa pili, kwa kuwa kazi ya elimu huwa na jua na kivuli. Utafiti wa ini huhitaji damu na sindano. Katika Buganda wako wazazi waliowaogopa madaktari, kwa kuwa walimpeleka mtoto mgonjwa, wakaona anatolewa damu na kuchomwa, kisha amekufa. Mzazi aliyeona hivyo hawezi kulaumiwa akimficha mtoto wa pili. Huku kwetu mama alimficha mtoto kwa kuona haya, na kule kwa kuogopa. Mwisho wake ni mmoja, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Daktari asiyemweleza mama afanyalo hujifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Tena yale maziwa ya unga yalileta kosa jipya. Watu wengine wakadhani maziwa hayo ni dawa kama kwinini, na kwamba aliyepona spitali amekwisha kupona. Mtoto akarudi nyumbani kwenye chakula kile kile, akaugua tena. Kwa sababu hiyo mwaka 1965 pale Mulago palifunguliwa mahali paitwapo Mwanamugimu, jina lililotoka katika methali ya Kiganda juu ya mtoto mwenye siha na malezi ya mama yake. Hapo mama hakukaa kumtazama daktari tu. Alikaa na mtoto wake, akapika mwenyewe kwa vyakula vya shambani kwake, ndizi pamoja na maharage, njugu na vinginevyo, vikachanganywa katika chungu kimoja. Waganda huuita mchanganyiko huo kitobero. Mama aliona kwa macho yake uvimbe ukitoka na mtoto akianza kucheka, wala hakuwa na haja ya kuambiwa na mtu ni nini kilichomponya. Hata wanafunzi wanaotusikiliza watakubali kwamba hakuna somo lipitalo hilo.

Iko habari nyingine ya ini inayostahili kusimuliwa. Davies na wengi wa wakati wake waliogopa kwamba ini lililojaa mafuta utotoni litakauka na kuwa gumu ukubwani, na mwisho kuingia saratani. Kwa sababu saratani ya ini ilikuwa nyingi katika Afrika, nao hawakujua itokako. Dhana hiyo ilikuwa na sura ya kweli. Lakini mwaka 1967 madaktari wawili wa Kampala, Cook na Hutt, walitoa habari za watoto waliopona kwashiakoo miaka ya nyuma na kuchunguzwa tena. Hawakuyakuta maini yao yamekauka. Mafuta yalikuwa yameondoka na ini limerudia hali yake. Huo ni ukarimu wa ajabu wa ini: likipewa chakula kwa wakati, husamehe.

Basi saratani ya ini ikatafutiwa sababu nyingine, nazo zikapatikana mbili zilizo kubwa. Ya kwanza ni virusi vya homa ya ini aina ya B, vilivyogunduliwa na Mmarekani Baruch Blumberg katika miaka ya 1960. Na mwaka 1970 madaktari wa Kampala walionyesha kwamba alama ya virusi hivyo imo katika damu ya wagonjwa wa saratani ya ini kuliko katika damu ya watu wengine. Siku hizi chanjo yake imo katika chanjo wanazopewa watoto wetu wachanga. Sababu ya pili ni sumu ya ukungu unaoota katika njugu na mahindi yaliyowekwa penye unyevu. Mwaka 1973 Peers na Linsell walitoa habari za wilaya ya Murang'a, Kenya, kwamba mahali ambapo sumu hiyo ilizidi katika chakula, saratani ya ini nayo ilizidi. Kwa hiyo njugu iliyoota ukungu au iliyo chungu usimpe mtoto, wala kuku usimpe.

Mwaweza kuuliza: je, fumbo la kwashiakoo limekwisha kufumbuliwa? Jawabu ni kwamba sehemu yake kubwa imefumbuliwa, si yote. Mwaka 2013 wataalamu walitoa habari za mapacha wa Malawi. Mapacha walikula chakula kimoja katika nyumba moja, na bado mara nyingine mmoja alipatwa na maradhi na mwenziwe asipatwe. Wakaona kwamba viini vidogo vinavyoishi tumboni navyo vina sehemu yao. Kuharisha, surua na homa humdhoofisha mtoto na kumfungulia mlango. Kwa hiyo protini peke yake haielezi kila kitu, nao waliodhani hivyo katika miaka ya 1950 walipunguza ukubwa wa jambo.

Na matibabu nayo yamejifunza upole. Siku za kwanza mtoto aliyevimba hapewi chakula kingi cha kujenga mwili kwa pupa, kwa sababu ini lake halijawa na nguvu za kukitengeneza. Hupewa maziwa maalumu mepesi, kidogo kidogo, mchana na usiku, na dawa za kuzuia maradhi mengine. Uvimbe ukianza kutoka na hamu ya chakula ikirudi, ndipo huongezewa. Mwaka 1996 Mfaransa André Briend alitengeneza chakula laini cha njugu, maziwa ya unga, mafuta, sukari na vitamini, ambacho hakihitaji kupikwa wala kutiwa maji, na mtoto aliyepata nafuu aweza kukila akiwa kwao. Mtu asije akasikia haya akamshindilia nyumbani mtoto aliyevimba samaki na mayai. Aliyevimba mahali pake ni spitali, siku ile ile.

Sasa twawaomba akina mama na akina baba, na mabibi wanaolea wajukuu, wayashike maneno machache.

Mtoto apewe ziwa peke yake hata miezi 6, kisha chakula na ziwa pamoja, hata miaka miwili au zaidi. Mama akishika mimba asimwachishe mtoto ghafula. Mara nyingi aweza kuendelea kunyonyesha, na akiwa na shaka amwulize mkunga.

Muhogo, ndizi na wali ni vyema, lakini visimame na mwenzi. Kisiwa chetu kimezungukwa na bahari. Dagaa wakavu wakitwangwa unga laini na kutiwa katika uji wa mtoto, gharama yake si kubwa. Kunde na choroko zaota mashambani. Yai moja la kuku wa uani lina faida kwa mtoto kuliko fedha ya kuliuza. Si haki baba kula samaki na mtoto akapewa mchuzi.

Ukiona mtoto amenenepa ghafula naye hachezi, bonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yake yote miwili, uhesabu hata tatu polepole, kisha uondoe. Shimo likibaki, huo si unene, ni maji. Usingoje nywele zibadilike, wala usingoje mavuno yaishe. Udongo uwahi ungali maji.

Tena jirani akimwona mtoto wa mwenziwe katika hali hiyo, asimwulize mama kama kabemendwa. Neno hilo liliiona saa ya maradhi, lakini humfanya mama ajifiche, na kujificha ndiko kuuako. Amwambie, "Mwanangu, twende spitali, nitakusindikiza."

Trowell aliondoka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1950, akarudi kwao akawa kasisi wa kijiji. Hata alipostaafu hakukaa kivulini. Alishirikiana na Denis Burkitt, ambaye naye alikuwa daktari wa Mulago, wakachunguza madhara ya vyakula vilivyokobolewa mno, na mwaka 1975 wakatoa kitabu juu ya jambo hilo. Akafa mwaka 1989. Ni mtu aliyeanza kazi kwa kukosa, kama sisi, na tofauti yake ni kwamba aliendelea kutazama hata akaona.

Yule mama jirani yetu alijaaliwa mtoto yule aliyekuwa tumboni. Huyo hakuachishwa ziwa kwa ghafula, na bibi yake alijifunza kutwanga dagaa. Leo ni kijana mkubwa, hupanda mikarafuu kuchuma kama wenziwe. Tukipita barazani bibi hutuita kwa mzaha, "Mwalimu, njoo umtazame huyu, huyu kweli kanenepa." Nasi husimama, tukamtazama vizuri kabla ya kumjibu.